Kupanga anwani za mtandao vifaa vinapozidi: mwongozo kutoka ghala la Tanga

"Mwanangu, mizani imekataa kuchapa tena."

Simu hiyo nilikuwa naipokea karibu kila Jumatatu, saa mbili asubuhi haijafika. Aliyepiga ni karani wa mizani katika ghala la mkonge ninalolihudumia hapa Tanga, mama mtu mzima asiyependa kumsumbua mtu bila sababu. Ninamwamkia, ninamwomba azime printa, asubiri kidogo, aiwashe. "Imekubali, mwanangu. Ahsante." Malori yanasogea, kazi inaendelea, na Jumatatu inayofuata ni yale yale.

Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba printa haikuwa mbovu. Fundi aliyeifunga alikuwa ameipa anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, kwa mkono: 192.168.1.57. Rauta nayo ilikuwa inagawa anwani zote, kuanzia 2 hadi 254, kwa yeyote anayeunganisha kifaa. Mwisho wa wiki printa ikizimwa, rauta inaiona 57 haina mtu na kumpa mlinzi mwenye simu. Jumatatu vifaa viwili vinadai nyumba moja, na mizigo ya watu inasimama getini kwa sababu ya namba.

Tangu hapo nimepanga upya mtandao wa ghala lile na matawi yake ya Pongwe na Muheza. Ninaandika hatua nilizofuata kwa ajili ya yeyote aliyeanza na kompyuta tano na rauta moja, na leo ana kamera, mashine za vidole, simu za mezani na wageni wenye simu mbilimbili.

Hatua ya kwanza: tembea uhesabu

Usianzie kwenye kompyuta. Chukua karatasi, pita chumba kwa chumba, na andika kila kitu chenye waya wa mtandao au waifai. Utashangazwa na vilivyosahaulika: televisheni ya mapokezi, mashine ya mahudhurio, kinasa picha cha kamera kilichofungiwa kabatini, kiashiria cha mizani, kigeuza umeme cha sola juu ya paa. Kwetu bosi alidhani tuna vifaa "kama sitini". Tulivuka 200.

Ukimaliza kutembea, linganisha na kile ambacho mtandao wenyewe unakiona. Ingia kwenye rauta usome orodha ya vifaa vilivyopewa anwani. Kwenye kompyuta ya Windows andika amri arp -a, utaona anwani za IP na namba za MAC (namba ambazo vifaa huzaliwa nazo kiwandani) za vifaa ilivyowasiliana navyo karibuni. Programu ya bure ya nmap inakwenda mbali zaidi: nmap -sn 192.168.1.0/24 itabisha hodi kwenye anwani zote za mtandao huo na kukuambia nani kaitikia. Rudia asubuhi, mchana na usiku, maana kuna vifaa vinavyoamka wakati wenzake wamelala.

Hatua ya pili: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali methali hii inafaa kuliko kwenye anwani za mtandao. Kila tatizo kubwa nililokutana nalo, ukilifuatilia hadi mwanzo, unakuta mtu alitumia namba bila kuiandika popote. Anwani huwa zinatosha. Kinachokosekana ni mtu anayejua ipi iko kwa nani.

Daftari linaweza kuwa jedwali la Excel. Kila kifaa kina mstari wake wenye anwani ya IP, jina la kifaa, namba ya MAC, chumba kilipo, namba ya swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) na poti, yaani tundu, kilipochomekwa, mtu anayewajibika nacho, na tarehe kilipofungwa. Ongeza safu moja ya kueleza anwani imepatikanaje: imeandikwa kwa mkono ndani ya kifaa, au inatolewa na seva ya kugawa anwani. Safu hii ndogo ingeniokoa wiki tatu za Jumatatu.

Vifaa vikipita mia kadhaa, jedwali huanza kuchosha, hasa wakilifungua watu wawili kwa pamoja. Hapo hamia kwenye programu huria kama phpIPAM au NetBox, ambazo hukataa au kukuonya ukitaka kutoa namba iliyokwisha kutolewa. Lakini usikimbilie programu kabla ya kuwa na mazoea. Ofisi isiyojaza jedwali haitajaza NetBox.

Weka sharti moja na ulisimamie bila aibu: kifaa hakichomekwi kabla mstari wake haujaandikwa. Hata fundi wa nje aliyeletwa kufunga kamera mbili tu. Huyo ndiye hasa wa kumbana, kwa sababu kesho hayupo.

Hatua ya tatu: chora ramani ya namba

Anwani tunazotumia, za mfumo uitwao IPv4, zina biti 32 (tarakimu za 0 na 1), ambazo kwa dunia nzima ni anwani takriban bilioni 4.3. Hazikutosha. Februari 2011 akiba kuu ya dunia ilikwisha kugawanywa kwa mabara, na AFRINIC, msajili wa Afrika mwenye makao yake Mauritius, aliingia kwenye awamu ya mwisho ya mgawo wake Januari 2020. Ndiyo maana ndani ya ofisi tunatumia anwani za binafsi zilizotengwa miaka ya 1990, ambazo haziruhusiwi kutoka kwenda kwenye intaneti: zile zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Rauta hutafsiri zote kuwa anwani moja ya nje.

Wengi hubaki na 192.168.1 kwa sababu rauta imekuja nayo dukani. Inafaa kwa nyumba. Kwa kampuni yenye matawi ni mtego: Pongwe wana 192.168.1, Muheza wana 192.168.1, na siku unapotaka kuwaunganisha, kompyuta ya Pongwe ikitafuta seva ya Muheza inaitafuta nyumbani kwake yenyewe. Tulilazimika kubadilisha anwani za tawi zima kwa sababu hiyo.

Tumia fungu la 10, lenye anwani zaidi ya milioni 16, na zipe namba maana. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa faida yake: Ngamiani barabara zinaitwa kwa namba, ukiambiwa barabara ya kumi na mbili unajua uelekee wapi kabla hujapanda pikipiki. Sisi tulifanya hivi. Namba ya pili ni mahali: 10 ni Tanga mjini, 20 ni Pongwe, 30 ni Muheza. Namba ya tatu ni aina ya kifaa: 10 kompyuta za ofisi, 20 printa na mizani, 30 kamera, 40 simu za mezani, 50 waifai ya wafanyakazi, 60 wageni, na 99 swichi na rauta zenyewe. Kwa hiyo 10.20.30.14 ni kamera ya Pongwe. Anayepokea simu usiku wa manane hahitaji kufungua daftari ili ajue aanzie wapi.

Kila fungu dogo la aina hii, linaloandikwa /24, lina anwani 254 za kutumia. Ndani yake tuliweka utaratibu uleule kila mahali: 1 ni geti, yaani mlango wa kutokea kwenda mitandao mingine, 10 hadi 99 ni za vifaa visivyohama, 100 hadi 249 ni za kugawa kwa wanaokuja na kuondoka. Pale unapojua 254 hazitatosha, chukua /23, yenye 510. Angalia tu kwamba /23 huanza na namba shufwa: 10.10.60.0/23 inameza 60 na 61, basi 61 usiipe kazi nyingine.

Acha nafasi. Kama kamera ni 40, usibane ukatoa fungu la anwani 62. Kamera huzaliana.

Hatua ya nne: tenganisha

Namba peke yake hazitenganishi kitu. Vifaa vilivyo kwenye swichi moja ya kawaida vinasikiana vyote, hata ukivipa anwani tofauti. Unahitaji swichi unayoweza kuiingia na kuipangia, na ndani yake utengeneze VLAN, ambayo ni kama kuikata swichi moja vipande vingi bila msumeno. Namba za VLAN huenda hadi 4094. Tumia ileile ya aina ya kifaa: kamera VLAN 30, wageni VLAN 60. Akili ikumbuke kitu kimoja, si viwili.

Kisha kwenye faiwoli, mlinzi anayeamua nani apite kwenda wapi, weka sheria. Wageni waende intaneti tu. Kamera ziongee na kinasa picha chao na zisitoke nje kabisa. Kompyuta za ofisi zifike kwenye printa, lakini printa isianzishe mazungumzo na kompyuta. Hili la kamera na mashine za vidole lina uzito wa kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura na vidole vya watu ni taarifa zao. Havipaswi kukaa kwenye mtandao mmoja na simu ya utingo.

Hatua ya tano: DHCP, mwenye nyumba wa anwani

DHCP ni huduma inayogawa anwani, na njia rahisi ya kuielewa ni kuiona kama mwenye nyumba. Haitoi anwani ya kudumu, inapangisha. Kila mpangaji ana mkataba wenye muda. Nusu ya muda ikifika, kifaa huomba kuongezewa. Kisipoonekana mpaka muda umeisha, chumba hupewa mwingine.

Makosa mengi yako kwenye urefu wa mkataba. DHCP ya Windows Server huja ikiwa na siku 8. Kwa kompyuta za ofisi ni sawa. Kwa wageni ni balaa, na hesabu yake fanya mwenyewe: malori 30 kwa siku, dereva na utingo, simu 60. Kila simu inashikilia anwani siku 8 hata kama mwenyewe alikaa robo saa. Ukiwa na anwani 150 za kugawa, siku ya tatu wageni wanaambiwa waifai imegoma, na ukienda kuangalia unakuta watu wawili tu ndio waliounganishwa. Tanga inaitwa waja leo waondoka leo. Kwenye mtandao wa wageni ichukulie methali hiyo kama ilivyo, na weka mkataba wa saa mbili.

Kwa printa, mizani na kamera, usiandike anwani kwa mkono ndani ya kifaa kama unaweza kuepuka. Mwambie seva ya DHCP: namba hii ya MAC ikija, ipe 10.10.20.15 siku zote. Kifaa kinabaki na anwani moja, na wewe unaitawala kutoka sehemu moja. Zitakazoandikwa kwa mkono ni za rauta, swichi na seva ya DHCP yenyewe. Na hakikisha anwani yoyote iliyoandikwa kwa mkono iko nje ya fungu la kugawa. Pale ndipo printa yetu ya mizani ilipoumia.

Simu za mkononi ni habari nyingine. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia namba ya MAC ya bandia kwa kila mtandao, ili mwenyewe asifuatiliwe. Ni kinga nzuri kwake, lakini ukimwekea meneja anwani maalumu kwa MAC iliyoandikwa kwenye boksi la simu, haitafanya kazi. Namba ya bandia utaijua kwa herufi yake ya pili: ikiwa ni 2, 6, A au E, imetungwa.

Ukikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliita DHCP, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tafuta waya, VLAN ya poti, au fungu lililojaa. Ukikuta ina anwani ya 192.168 wakati huna mtandao huo, kuna mtu kaleta rauta ya nyumbani akaichomeka ukutani ili "apate waifai ya karibu," na rauta hiyo nayo imeanza kupangisha nyumba isiyo yake. Swichi nzuri zina kinga ya hili iitwayo DHCP snooping: unazitajia poti ya seva halali, nyingine zote zinazuiwa kugawa. Iwashe siku ya kwanza.

Hatua ya sita: majina

Watu wasikariri namba. Weka DNS ya ndani, huduma inayobadilisha jina kuwa anwani, na printa iitwe printa-mizani-tanga. Siku ukibadilisha anwani, unabadilisha sehemu moja, na kompyuta kumi na mbili hazijui hata kama kuna kilichotokea.

Waya, umeme na chumvi

Hapa pwani haisameheani na vyuma. Upepo wa bahari una chumvi, na viunganishi vya nje visivyofungwa vizuri vinaota kutu mapema. Kamera inayopotea na kurudi, kabla hujaigusa programu yake, chomoa waya utazame pini. Ndani ya ghala la mkonge adui ni vumbi na nyuzi, zinazojisokota kwenye feni. Nunua swichi zisizo na feni au ziweke kwenye kasha lenye chujio, na lisafishwe kwa ratiba.

Waya wa shaba wa mtandao una mwisho wa mita 100. Kati ya jengo na jengo vuta faiba, waya unaopitisha mwanga badala ya umeme, hata kama ni mita 40, kwa sababu faiba haibebi radi. Nimewahi kuona swichi tatu zikiungua kwa mvua moja, zote zikiwa zimeunganishwa kwa waya wa shaba uliopita nje.

Kamera zinazokula umeme kupitia waya wa mtandao nazo zina hesabu yake. Swichi ya poti 24 yenye uwezo wa wati 185 haiwezi kulisha kamera 24 za wati 12, maana hizo ni wati 288. Itashika 15, ya 16 itakuwa inazima na kuwaka, nawe utaulaumu mtandao. Na UPS, betri ya akiba, isiwe ya seva peke yake: umeme ukikatika, swichi na rauta zikizima, seva inayowaka haina wa kuongea naye.

Kuhusu waifai nitasema mawili. Kwenye masafa ya GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 na 11 tu, maana nyingine zinaingiliana. Na pima nguvu ya mawimbi ghala likiwa limejaa. Kule Muheza tulipima ghala tupu, tukafurahi. Msimu wa machungwa ulipofika, kona nzima ikawa bubu, kwa sababu maji hunyonya mawimbi na chungwa ni maji.

Kuunganisha matawi

Tawi linalotumia intaneti ya laini ya simu mara nyingi halina anwani yake ya nje. Ingia kwenye rauta, tazama anwani iliyopewa na mtoa huduma. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, iko nyuma ya tafsiri ya mtoa huduma, na mtu wa nje hawezi kuifikia. Kwa hiyo VPN, njia ya siri inayounganisha mitandao miwili kupitia intaneti, ianzishwe na tawi kwenda makao makuu, ambako umelipia anwani ya kudumu. Ukikaa na kujaribu kuipiga kutoka mjini, utaumiza kichwa bure.

Muulize mtoa huduma kama anatoa IPv6, mfumo mpya wa anwani. Ina biti 128, na fungu moja la kawaida la ofisi, /64, lina anwani nyingi kuliko intaneti nzima ya IPv4. Kama hajaanza, angalau usinunue leo kifaa kisichoielewa.

Siku ya kuhama

Watu huharibu hapa, kwa haraka. Kama mikataba yako ya DHCP ni ya siku 8, ipunguze iwe saa moja, kisha subiri siku 8 kamili kabla ya kuhama. Sababu ni kwamba kifaa kilichochukua mkataba jana hakijui kuhusu uamuzi wako wa leo mpaka kirudi kuomba, na kilichozimwa hakirudi kabisa. Ukisubiri, siku ya kuhama vifaa vyote vinarudi kuuliza ndani ya nusu saa.

Hamisha aina moja kwa wakati mmoja. Anza na wageni, ambao hawana cha kupoteza. Kisha kamera, kisha kompyuta za ofisi. Mizani iwe ya mwisho, Jumamosi jioni lori la mwisho likishaondoka. Kabla ya kugusa chochote hifadhi nakala ya mipangilio ya rauta na swichi, kwenye flashi iliyo mfukoni mwako, si kwenye seva unayoihamisha. Andika pia saa ya kurudi nyuma: "ikifika saa nne usiku mizani haichapi, tunarudisha ya zamani." Usijadiliane na saa hiyo.

Na waambie watu mapema, kwa heshima yao. Nilimweleza mama wa mizani wiki moja kabla, nikamwachia namba ya simu na karatasi yenye jina jipya la printa. Alikaa nami Jumamosi ile mpaka stakabadhi ya majaribio ikatoka, akaisoma, akaikunja akaiweka kwenye droo.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kila mwezi. Tarehe 1 ninafungua seva ya DHCP na kutazama kila fungu limejaa kiasi gani. Likipita asilimia 80, ninalipanua kabla halijalia. Ninapitisha nmap, ninalinganisha na daftari, na kila kifaa nisichokijua ninakifuata kwa miguu hadi kilipo. Nakala ya daftari iko kwa msaidizi wangu, na nywila za swichi ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwenye kasha la fedha la mhasibu.

Ghala limeongeza kamera 18 na mizani ya pili tangu tuhame. Kila kimoja kilichukua dakika chache: mstari kwenye daftari, MAC kwenye DHCP, poti kwenye VLAN yake, kisha waya.